Kitanda cha Bi Nunu

Hapo zamani, enzi za watu kulala vitanda vya kamba na kuamka bila kuumwa kiuno, alikuwapo mjane mmoja akiitwa Bi Nunu. Akafa. Akaacha watoto watatu na kitanda kimoja. Mnacheka? Subirini.

Arobaini ilipokwisha, watoto walikusanyika uani mbele ya shangazi yao, Bi Rukia, mali igawanywe. Sufuria ziligawanywa. Kanga ziligawanywa. Jogoo naye aligawanywa, tena akaliwa papo hapo. Kikabaki kitanda, na mji ule ulikuwa na mila yake: kitanda cha marehemu hakivunjwi wala hakiuzwi. Kinakwenda na mtu mmoja.

Mkejuma, kitindamimba, alikitazama kwa hofu. Tangu mazishi hakupata usingizi penginepo. Kwenye mkeka alikesha. Kwa jirani alikesha. Lakini akijilaza kwenye zile kamba zenye harufu ya mafuta ya karafuu ya mama yake, kifua kilitulia, akalala kama mtoto aliyeshiba. Kikiondoka, aliwaza, nitakwenda wapi mimi?

Kaka yao mkubwa, Shebwana, ndiye aliyeanza. "Shangazi, mchwa walipokitafuna, nani alichonga matendegu mapya, miguu yake yote minne? Mimi. Nani alichonga mbao za ubavuni? Mimi. Baba alinishika mkono huu nijifunze kushika randa, na kazi ya mkono wake imo humo. Tena mama aliniambia kwa kinywa chake: nikifa, kitanda ni chako."

"Ni kweli," shangazi akajibu. "Nilimsikia."

Dada yao, Mwanakombo, akasimama. "Mbao tupu zinalaliwa? Nani alisokota kamba? Mimi. Nani alitoka kwa mumewe kila mwaka kuja kukiwamba? Mimi. Na mwanangu wa kwanza, shangazi, alizaliwa hapo, akafia hapo hapo kabla hajapewa jina. Sina nguo yake, sina chochote. Nina kitanda hiki tu."

Hata Shebwana aliinamisha kichwa.

"Na wewe, Mkejuma?" shangazi akauliza.

Mkejuma akasogea karibu na kitanda. "Mimi sikuchonga. Sikusokota. Mama hakuniahidi kitu. Lakini nani alimgeuza ubavu asipate vidonda? Mimi. Nani alimlisha uji, akalala sakafuni apate kumsikia akiita? Mimi. Nyinyi mlikuwa wapi? Mama akiwa hai sikukilalia hata siku moja. Sasa ndipo pekee ninapopata usingizi."

"Kumuuguza mama ni wajibu," Shebwana akasema. "Hakukupi kitanda."

"Na kumchongea mama si wajibu?" Mkejuma akafoka.

Hapo maneno yakageuka vita. Shebwana akakamata tendegu: "Basi nachukua mbao zangu!" Mwanakombo akalirukia fundo la miguuni: "Nami nachukua kamba zangu!" Shangazi akapiga kelele kwamba mila haikubali, wala hakuna aliyemsikiliza. Mkejuma akajitupa juu ya kitanda, akalala chali, akazing'ang'ania mbao huku na huku.

"Teremka!"

"Siteremki!"

Sasa kitanda cha kamba, kwa asiyekijua, huwambwa kwa kamba moja ndefu. Fundo moja likifunguka, chote kinalegea. Na fundo likafunguka. Mkejuma alihisi mgongo ukizama taratibu kuelekea chini. Aliogopa mno, lakini hakuachia. Shebwana hakuachia. Mwanakombo, machozi yakimtiririka, aliendelea kuvuta.

Bi Rukia akajifunika uso kwa kanga. "Nikimpa mmoja, nimewaumiza wawili. Mimi sisemi!"

Basi semeni nyinyi mlioketi hapa, mnaojua kucheka. Tena semeni upesi, kamba inazidi kulegea. Mmoja aliahidiwa na mama, mmoja alifiwa na mwana hapo, na mmoja hana pengine pa kupata usingizi. Je, mngemwambia nani kati yao aachie?