Uzi wa Jinadasa

Mgonjwa akipona, uzi haugombewi.

Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, alipowakuta mnavutana mashati kwa sababu ya pampu ya kisima, kila mmoja akiapa kuwa ni yeye aliyeizibua, na maji yanamwagika chini hakuna aliyetega ndoo. Sasa mnaniuliza, uzi gani? Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi, na ilianza kwa watu wasiokuwa wa dini yetu, kwa hiyo msinikatize kila neno. Patakapohitaji maelezo nitaeleza mwenyewe.

Katika mji wa Mtoni Juu palikuwa na mtaa wa masonara waliotoka Seilani. Walikuwa nyumba nane tu, na nyuma ya mtaa wao walijenga hekalu dogo la kumfuata Buddha, lenye ua uliofagiwa vizuri na watawa wawili. Mkubwa aliitwa Revata. Mdogo aliitwa Upali.

Kwao utawa huhesabiwa kwa masika. Aliyekaa utawani masika mengi hutangulia njiani, huketi juu, na hupokea kwanza. Revata alikuwa na masika ishirini na sita. Upali alikuwa na manne. Kila siku kabla ya adhuhuri wawili hao walipita mtaani kimya, Revata mbele na Upali nyuma, kila mmoja na bakuli lake, na kina mama wakasimama mlangoni na upawa kuwatilia wali. Watawa hawapiki wala hawaombi. Hupokea walichopewa, kisha wakarudi kula.

Mwaka mmoja sonara aitwaye Jinadasa aliugua homa. Siku ya tisa ilimkuta hajitambui. Mkewe, Seela, alikuwa akimnywesha kwinini ya zahanati. Jirani yao Bi Mwatime, Mswahili wa mtaa wa pili, alikuwa akileta uji wa mtama kila asubuhi, akimlisha mgonjwa kijiko kwa kijiko. Homa haikusikia. Ndipo ndugu wakawaita watawa wasome maneno ya kinga.

Kisomo chao huwa hivi. Huwekwa chungu cha maji safi, na uzi mweupe ukafungwa shingoni mwa chungu, ukapita mikononi mwa watawa, mikononi mwa watu wa nyumba, mpaka kwa mgonjwa kitandani. Revata alisoma saa tatu nzima. Alisoma kwa moyo, maana alimpenda Jinadasa, mpaka sauti ikamkauka. Mwishoni alikata kipande cha uzi akamfunga mgonjwa mkononi.

Kesho yake homa ilikuwa pale pale. Keshokutwa yake Revata hakuweza hata kunong'ona, akajilaza, akamtuma Upali kumjulia hali mgonjwa. Upali alikuta ule uzi umelowa jasho na kulegea, unataka kudondoka. Akakata mwingine kwenye donge lile lile, akaufunga juu ya ule wa kwanza, akaenda zake. Kabla ya alasiri Jinadasa alitokwa na jasho jingi, akafumbua macho, akaomba samaki wa pilipili.

Basi! Mtaa mzima ukawa neno moja: uzi wa Upali. Waliokuwa wakiumwa jino, waliokuwa wakiumwa mgongo, binti aliyekuwa hajachumbiwa, wote wakamkimbilia Upali na nyuzi mkononi. Upali akawajibu watu wote jibu moja, "Mimi nilifunga uzi tu. Kilichotokea sikijui." Na alisema kweli. Tena Buddha wao aliwakataza watawa kuonyesha maajabu mbele za watu. Walifundishwa kwamba anayeamini atashangaa, asiyeamini atasema ni uganga, na wote wawili watarudi nyumbani na hasira zao zile zile.

Jibu hilo la Upali ndilo lililomuudhi Revata kuliko yote. Angejisifu, angalau angepata la kumkanya.

Wivu, wanangu, hauji na ngoma. Kwa Revata uliingia kwa sauti ya upawa. Alikuwa akitangulia kama kawaida, macho chini, akisikia wali ukianguka katika bakuli lake: upawa mmoja. Halafu nyuma yake, kwa Upali: mmoja, wa pili, wa tatu, na samaki juu. Nyumba ya kwanza alijiambia ni bahati. Nyumba ya nane alikuwa amehesabu mpaka vijiko vya mchuzi. Mtu wa masika ishirini na sita, aliyeacha mke, shamba na jina la baba yake, anahesabu vijiko! Alijionea aibu, na aibu haikumpunguzia kitu. Alikuwa akiumwa na kijicho kama mtu anavyoumwa na jino, na kila aliyemsifu Upali alikuwa amelibonyeza.

"Uzi wangu ndio uliofungwa kwanza," alijisemea akifagia ua. "Kisomo nilisoma mimi. Yeye alifunga kitambaa juu ya kidonda nilichokwisha kukitibu."

Upali alikuwa hodari wa kutoona. Kila walipokaa kula, alimsogezea mkubwa wake samaki. Revata alimla yule samaki bila kumtazama aliyemsogezea.

Ndipo akapata wazo baya. Siku ya mwezi mpevu watu wote wa mtaa hukusanyika hekaluni mchana kusikiliza mafundisho, na mwenye kufundisha ni mkubwa. Revata alikusudia kuwaambia kwamba siku ile alipojilaza hakuwa amelala. Angesema alikuwa katika taamuli nzito, na kwamba kwa jicho la ndani aliiona homa ikitoka mwilini mwa Jinadasa, ikifukuzwa na uzi wa kwanza. Ulikuwa uongo mtupu. Alilala na kukoroma.

Mnaweza kusema, uongo ni uongo, atatubu. Lakini kwao mtawa anayedai kwa makusudi kuwa ana nguvu za ajabu asizokuwa nazo, utawa wake umekwisha hapo hapo. Hana hakimu wala msamaha, na hawezi kuvaa joho tena maisha yake yote. Wanasema amekuwa mnazi uliokatwa kilele. Na ninyi mmekulia kwenye minazi, mnajua kama mnazi wa namna hiyo huchipua. Revata aliijua sheria hiyo kuliko yeyote mtaani, naye ndiye aliyemfundisha Upali. Hata hivyo alijiambia, nani atajua? Kilichomo kichwani mwangu nani atakiona?

Asubuhi ya mwezi mpevu alikwenda kwa Jinadasa peke yake, ili ahakikishe maneno yake hayatapingwa.

Jinadasa alikuwa barazani. Alipomwona akajitahidi kuinuka, akashuka mchangani, akapiga magoti juani na kusujudu mara tatu kama ilivyo desturi. Mlei hainuki mbele ya mtawa mkubwa mpaka aruhusiwe.

"Karibu, Bhante," akasema, na neno hilo ndilo wanalomwitia mtawa kwa heshima.

"Jinadasa, zile nyuzi ziko wapi?"

Jinadasa akatoa kifuani kijaluba cha fedha alichokitengeneza mwenyewe. Ndani mlikuwa na nyuzi mbili, zimebadilika rangi kwa jasho, zimesokotana.

"Upi wangu?"

"Sijui, Bhante. Zilikatwa kwenye donge moja."

"Siku homa inatoka, upi ulikuwa unagusa ngozi?"

"Nadhani wa chini."

"Wa chini ndio wangu!" Revata akasogea karibu. "Unakumbuka vizuri? Ulihisi nini? Ulianza kupoa kabla Upali hajaja, au baada?"

"Bhante, nilikuwa sijitambui."

"Fikiri. Jambo hili si dogo."

Jinadasa akafikiri, huku akiyumba juu ya mchanga wa moto. Hapo akatokea Bi Mwatime na chungu cha uji mkononi. Akasimama, akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Babu," akamwambia Revata, "huyu ana kesi?"

"Namuuliza habari ya uzi, Bi Mwatime."

"Uzi!" Bi Mwatime akatua chungu. "Babu, mimi nakuheshimu, na nywele zako nyeupe nazijua ijapokuwa umezinyoa. Lakini kusema nitasema. Siku zote hizi naleta uji, na hakuna aliyeniuliza ni uji wa siku gani uliomponya. Mkewe kamnywesha kwinini mpaka akamtapikia nguo. Na sisi tugombee? Mimi nimshike huku na chungu, Seela amshike kule na chupa, nawe umvute kwa uzi, tugawane vipande?"

"Watu wanapaswa kujua ukweli."

"Ukweli huo hapo umepiga magoti juani na unayumba. Mgonjwa akipona, Babu, uzi haugombewi. Inuka, mwanangu, unywe uji."

Jinadasa alitaka kuinuka, asiweze. Miguu ilimkataa. Revata akainama akamshika kwapani kumnyanyua, akashtuka jinsi alivyokuwa mwepesi. Mtu mzima, fundi, amebaki mifupa. Na hapo Revata akakumbuka kwamba tangu mtu huyu apone, hajamuuliza hata mara moja, u hali gani? Alikuwa amekuja kuulizia nyuzi. Akamketisha kivulini, akaondoka.

Msidhani yalikwisha hapo. Kijicho hakitoki kwa kukemewa mara moja. Mchana watu walipojaa hekaluni, Revata alipanda kitini pake akamwona Upali chini, na nusu ya macho ya watu yako kwa Upali. Akaanza tena kuhesabu. Akafungua kinywa.

"Siku ile ya homa," akaanza, "nilipokuwa nimejilaza..."

Watu wakatulia. Mlangoni aliketi Jinadasa, amemwegemea mkewe, kijaluba chake mkononi. Revata akamtazama, akaukumbuka wepesi ule mikononi mwake.

"Nilipokuwa nimejilaza," akasema, "nilikoroma. Sikuona kitu. Nilichokiona nilikiona baadaye: niliona wali ukiingia katika bakuli la mwenzangu, nikauonea wivu. Na leo nilipanda hapa kuwadanganya."

Akashuka kitini. Mtu wa masika ishirini na sita akachuchumaa mbele ya mtu wa masika manne, akaunganisha viganja, akaungama, kama mtawa anavyomwungamia mtawa mwenziwe. Upali alikuwa akilia. Hakujua pa kuweka mikono.

Sonara mmoja mzee, mtu wa kupenda habari, hakuweza kujizuia. "Mtawa Upali, basi tuambie leo tujue. Kupona kwa Jinadasa kulikuwa muujiza au hakukuwa?"

Upali akajifuta uso. "Habari ya homa sijui," akasema. "Huenda ni uzi, huenda ni kwinini, huenda ni uji wa mama huyu. Lakini kama mnatafuta muujiza, mmeuona sasa hivi. Mtu alikuwa na uongo tayari juu ya ulimi, akaumeza."

Jinadasa akafungua kijaluba, akazitoa zile nyuzi mbili, akazifunga shinani mwa mti ulio uani mwa hekalu pasipo kuzitenganisha. Kile kijaluba akampa Bi Mwatime atilie ndani hina.

Na Revata? Aliendelea kutangulia njiani, na upawa uliendelea kumpunja. Wakati mwingine, nyumba ya tano au ya sita, midomo yake ilionekana ikicheza, na waliokuwa karibu walisema hasomi kisomo chochote. Alikuwa akijikumbusha maneno ya Bi Mwatime, mpaka yakaenea mtaani, yakaenea mjini, yakatufikia na sisi.

Haya, ndoo ziko nyuma ya jiko, na maji bado yanamwagika. Mgonjwa akipona, uzi haugombewi.