Usukani wa Tusekile

"Chuma hulia, kaboni huulizwa." Mmemsikia mwalimu wenu wa mbio akiyasema maneno hayo leo, nanyi mmetaka kujua yalikotoka. Chanzo chake ni hiki.

Pale Tukuyu alikuwepo fundi baiskeli, Mzee Ambakisye, aliyebaki na bintiye Tusekile baada ya mkewe kufariki. Chuma alikijua kama jirani wa siku nyingi: kikichoka hupinda, hulia mlimani, kikakupa nafasi ya kushuka kabla hakijakutupa.

Tusekile alikuwa na miguu ya mbio, na klabu ikampa baiskeli yenye usukani wa kaboni, yaani nyuzi nyeusi zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Ambakisye aliuinua kwa kidole kimoja, akaingiwa na hofu kwa wepesi wake. Akamwendea fundi wa klabu, aliyekuwa mdogo kwake kwa umri, akaketi mbele yake kama mwanafunzi. Akaelezwa kwamba kaboni si dhaifu. Ikitunzwa hubeba mzigo mzito. Ila ikipata pigo yaweza kupasuka ndani huku nje inang'aa, na siku ya kukatika haipigi hodi. Kwa hiyo baada ya kila anguko ikaguliwe, igongwe na kusikilizwa, na ukiitilia shaka, usiipande.

Wiki ya mashindano Tusekile aliteleza kwenye kokoto, akaanguka. Akajipangusa vumbi, akaficha bega chini ya sweta, akarudi nyumbani akitabasamu. Tangu msiba ule, baba na binti walikuwa wamezoea kufichana maumivu, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Siku moja kabla ya mbio, Ambakisye aliufungua usukani, akaugonga kwa sarafu polepole, sikio likiwa karibu. Sauti ilikuwa kali, ti, ti, ti, mpaka alipofika karibu na mshiko wa kulia. Hapo ikawa butu, kama ya ubao uliooza. Akarudia. Ikawa ile ile.

"Mwanangu, ulianguka?"

"Kidogo tu, baba. Usukani haukupata hata alama."

Ambakisye akaubana usukani mezani, akauegemea kwa uzito wake wote. Ukakatika ghafla. Ndani, tabaka zake zilikuwa zimeachana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Tusekile akaufikiria mteremko wa kesho, akaketi sakafuni.

Baba akaketi karibu naye. "Chuma hulia, mwanangu," akasema taratibu. "Kaboni huulizwa. Nami nimeuliza habari za usukani tu. Wewe unaumia wapi?"

Tusekile akavua sweta. Bega lilikuwa limevimba, limekuwa jeusi. Akaanza kulia, na hakulilia bega peke yake. Alimtaja mama yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, na Ambakisye, aliyekuwa akilingoja jina hilo asithubutu kulitamka, akalia naye.

Mbio za kesho yake hakwenda. Za mwaka uliofuata alikwenda, kwa usukani mpya. Baba aliugonga wote kwa sarafu, kisha akamwuliza binti yake kama amelala vizuri, akangoja jibu.

Majirani wakayachukua maneno yake. Mjane akisema hajambo mara tatu kwa siku, mtu humsogelea mwenzake na kumnong'oneza aende akakae na mjane huyo kidogo: chuma hulia, kaboni huulizwa.