Maji ya Kumsindikiza Sanubari

Paukwa!

Pakawa!

Na wewe unayetafuna huko nyuma?

Nimemeza!

Haya, tegeni masikio.

Hapo zamani, katika nchi ya Azabajani, milimani kabisa, palikuwa na kijiji kidogo kiitwacho Uchdash, yaani Mawe Matatu. Wazee wa kwanza walifika pale wakikimbia vita, wakateleka chungu juu ya mawe matatu. Chakula kilipoiva wakasema, "Hatuendi mbele tena." Mawe yale hayakuondolewa, yakawa mafiga ya kijiji kizima.

Kila mtoto wa pale alifundishwa njia ya nyumbani. Ukishuka kutoka malishoni: mlima kulia, mto kushoto, mawe matatu katikati.

Walikuwa na desturi yao pia. Mtu akisafiri, humwagiwa maji nyuma yake pale mlangoni, ili njia imrudishe.

Na ng'ambo ya bonde lilikaa zimwi. Kazi yake kukitazama kijiji mchana kutwa na kumeza mate.

Siku moja, kiangazi kilipoanza, Sanubari, binti pekee wa mjane Gulzari, alikuwa anapeleka kondoo malishoni juu. Mama yake akaja na mtungi.

"Simama, mwanangu, nikumwagie."

"Mama, maji yenyewe haba, nawe wataka kuyamwaga chini? Hebu lete!"

Akampokonya mtungi, akawanywesha kondoo, akaenda zake. Mtoto huyo! Ningekuwa mimi, angekula kofi.

Basi, kiangazi kikaisha, baridi ikabisha hodi. Sanubari akashuka na kondoo wake, roho juu. Theluji ikiziba njia kabla hajafika, nani atampasulia mama kuni? Bibi wa watu atakufa kwa baridi peke yake.

Ukungu ukatanda. Ulipopasuka, kijiji kile pale! Moshi, mapaa, harufu ya mkate. Lakini, lo! Mlima kushoto, mto kulia, mawe matatu katikati.

"Nimeingilia upande gani?" akajiuliza. Akageuka, akatembea kinyumenyume. Sasa mlima uko kulia sawasawa, ila kijiji kimekuwa mgongoni. Akazidi kuchanganyikiwa.

Mama amesimama mlangoni. "Ingia, kula, lala."

"Mama, mlima umehamia wapi?"

"Uchovu huo. Ingia, kula, lala."

"Mama, yale mawe aliyaweka nani?"

"Yaliota yenyewe, kama viazi. Ingia, kula, lala."

Sanubari akashika kichwa. Mama amezeeka kiasi hiki? Au ni mimi niliyerukwa na akili? Sauti ni ya mama, kitambaa ni cha mama. Akaona haya kumshuku mzazi wake, akaingia.

Lakini mkate hakuuonja. "Mama, kondoo mmoja amebaki nyuma, ngoja nimfuate."

"Nenda, urudi upesi."

Sanubari akatoka. Akasimama kidogo, akangoja. Hakuna maji. Kugeuka, anamwona yule mama anajipangusa mate.

Moyo ukamlipuka. "Mama yangu hunimwagia maji hata nikienda kuokota kuni! Huyu si mama!"

Naam, wanangu, lilikuwa zimwi. Lilijijengea kijiji cha kuigiza upande wake wa bonde, ili atakayepotezwa na ukungu akalala humo asiamke tena. Ila siku zote lilikuwa limeitazama Uchdash kutoka ng'ambo. Kulia kwa wenyewe, kwalo ni kushoto. Jinga kubwa!

Sanubari akatimua mbio kuelekea bondeni, kondoo nyuma yake, zimwi nyuma ya kondoo, ukungu kila mahali. Kulia wapi? Kushoto wapi? Hajui.

"Mama, nimepotea!" akalia.

Mara akahisi unyevu chini ya mguu. Katika vumbi kavu palikuwa na kijito chembamba cha maji, kinashuka kutoka juu. Akakifuata, akapanda nacho. Zimwi likakanyaga tope lile, likateleza, likabingirika hadi mtoni, na habari zake sijazisikia hadi leo.

Sanubari hakutazama mlima, hakutazama mto. Alifuata maji tu, yakamfikisha mlangoni. Gulzari alikuwa amesimama, midomo imemkauka, mtungi mtupu mkononi.

"Mama, unafanya nini?"

"Siku ile ulinikatalia. Basi kila siku nimekuwa nikikumwagia maji yangu ya kunywa. Nilisema yatakufikia tu, hata yakichelewa."

Sanubari akamwangukia miguuni, akalia sana. Kisha akachukua mtungi aende chemchemini kumtekea mama maji. Alipovuka kizingiti akasimama, akangoja.

"Mama, hukunimwagia."

"Mtungi umeubeba wewe, mwanangu."

Hadithi yangu imeishia hapo, wala msinidai nyongeza. Mzazi akitaka kukusindikiza, simama akusindikize. Usiite upuuzi kitu kitakachokurudisha nyumbani. Haya, naweni miguu mkalale.