Jembe Moja Uwanjani

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji mlimani, chenye mfereji mmoja tu. Maji yalishuka chwa, chwa, chwa, shamba hadi shamba. Mgawa maji alikuwa Mzee Mbonea, mgane asiye na mtoto.

Ukaja ukame. Ile chwa, chwa, chwa ikabaki chwi.

Watu wakakutana uwanjani, majembe mabegani. Wakasema, "Mzee, shamba la chini kabisa ni la Nakunda. Tulizibie maji. Sisi wote tutashiba."

"Na Nakunda je?"

"Aa, Mzee! Si ni mmoja tu?"

Neno hilo lilimchoma Mbonea. Tangu afiwe na mkewe, naye alikuwa mmoja tu.

Akasema, "Haya, tuzibe. Ila kwanza rundikeni majembe yenu hapa, mnifunge macho. Jembe nitakaloshika kwanza, mwenyewe atahamia shamba la chini. Nakunda atachukua shamba la huyo."

Wale waliokuwa wakipiga kelele, sasa kila mmoja kakumbatia jembe lake kama mtoto mchanga.

Mara, kwa! Jembe likaanguka.

"Langu hilo," akasema Nakunda, aliyekuwa amesimama nyuma ya wote. "Huko chini mimi nimeshazoea."

Likalala pale vumbini, peke yake. Watu wakalitazama, wakaona haya.

"Basi tugawe," akasema Mbonea, "hata wa chini kabisa aivishe maharage yake."

Wakagawa. Mwaka ule hakuna aliyeshiba, na hakuna aliyezikwa kwa njaa.

Mnadhani walimshukuru? Thubutu! Pombe ikipikwa, haitwi. Akisalimia, wanatazama milima. Mzee aliumia, tena sana. Alipika peke yake, akala peke yake.

Maharage yalipovunwa akasikia nyayo, kwata, kwata, kwata.

"Hodi, baba."

"Karibu, mwanangu."

Nakunda akatua chungu. "Nimekuja tule."

Mbonea akatafuta kibakuli cha pili. Kilikuwa na vumbi. Akakiosha, wakala.

Mzee alishakufa. Lakini kijijini kule, kabla ya kugawa maji, hulazwa jembe moja uwanjani, watu wakalitazama kwanza.

Nanyi mkigawa kitu, gaweni kama watu wasiojua jembe la nani litashikwa kwanza.

Ngano yangu imefika mwisho wa mfereji. Nami nanyamaza.