Ukurasa Uliowahi Kufunguka

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni zamani hii ya simu na vocha, palikuwa na mama kijana, Siwema, akikaa nyuma ya mlima, mahali ambapo mtandao huja na kuondoka kama mgeni asiyetaka kuvua viatu.

Alasiri moja mwanawe Shomari akapanda homa, akakaza macho, akaanza kutetemeka. Siwema akamwita, haitiki, akamwita tena, haitiki. Mama mkwe akaja mbio na kijiko, ampanue meno. Siwema mkono mmoja mtoto, mmoja simu, akaandika kwenye mtambo wa kutafuta alichokiona tu: mtoto amekaza macho anatetemeka.

Jibu la kwanza lilijisifu kuwa dawa ya ajabu ya watoto. Akabonyeza, kaduara kakazunguka, kakazunguka, hakuna kitu, na midomo ya mtoto inabadilika rangi. Akarudi. La pili lilikuwa la zahanati moja ya mbali: Mtoto anakaza macho na kutetemeka, fanya hivi sasa. Akabonyeza, likafunguka papo hapo. Mlaze ubavu. Usitie kitu mdomoni. Legeza nguo. Kisha mkimbize hospitali.

"Mama, weka kijiko chini," akasema Siwema, ambaye hajawahi kumwamrisha mkwe. Kikawekwa. Wakakimbia. Shomari akapona.

Sasa Siwema alikuwa na mimba pevu, ya mtoto wa kike, na kwao aliyekuokolea mtoto, ajaye hupewa jina lake, awe somo wake. Jina ni moja. Akapeleka habari zahanati, wakaja wanawake watatu.

Nesi Leokadia akasema, "Waliniambia ukurasa ule niuandike kidaktari, nikakataa. Nilikaa na akina mama kliniki, nikaandika kwa maneno yao, na kichwa cha ukurasa kikasema kilichomo, bila ajabu. Bila mimi angetafuta asione."

"Angeona, halafu?" akasema Tekla, fundi wa tovuti. "Hata ukurasa ule wa kwanza aliuona, haukufunguka. Mimi niliondoa mapicha, ukurasa ukawa mwepesi kama unyoya."

Mwantumu, mhudumu wa zahanati, yeye alikuwa amezunguka kwenye redio, shule, misikiti na makanisa, akiwaomba wenye tovuti waelekeze watu kwenye ukurasa ule, mpaka mtambo wa kutafuta ukauamini, ukaupandisha. "Mzuri ulikuwa, mwepesi ulikuwa," akasema, "na ulikuwa umezikwa chini huko, chini ya majibu mengine. Nani hushuka hadi chini, mtoto akitetemeka?"

"Na mimi niliyeweka kijiko chini?" akauliza mama mkwe, akicheka, halafu hakucheka tena.

Siwema akawatazama. Kila alipomwondoa mmoja moyoni, alimwona Shomari akikaza macho upya na simu imenyamaza. Tumbo likambana, likaachia, likambana tena, na kwao mtoto hazaliwi kabla jina halijamngoja mlangoni.

Haya, nyinyi mliokaa mkisikiliza, semeni upesi, uchungu haungoji. Je, mtoto aitwe nani?