Mchukuzi wa Mpondwe na Teke la Benoît

Wahenga waliposema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, wengi hudhani walikuwa wakimpooza tu aliyebwagwa. Sivyo hata kidogo. Kuna kushindwa kunakohitaji kifua kipana kuliko kushinda, na Maate wa Bwera aliujua ukweli huo baada ya kuukataa kwa ukaidi wa punda.

Maate alikuwa mchukuzi kule Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo. Alikuwa pande la mtu, na gunia la kahawa mgongoni mwake lilikuwa kama mto wa kulalia. Fahari yake ilikuwa moja: hakuwahi kuanguka. Miongoni mwa wachukuzi, aliyeanguka na mzigo aliimbiwa na soko zima, "Fulani ameanguka!", mpaka akabadilisha njia ya kupita.

Mwaka wa 1974 upepo uling'oa paa la zahanati ya Bwera. Elise, muuza vitenge aliyetoka Butembo ng'ambo ya mpaka, alijifungulia humo chini ya turubai linalovuja, akaapa kwamba mama mwingine hatanyeshewa akiwa na uchungu wa uzazi. Aliposikia kuwa vyama vya wakulima vimeandaa mashindano ya maigizo mjini Kasese, na zawadi ni mabati, alikusanya kikundi. Siku zile watu walikuwa wamepagawa na sinema za karate, basi Elise akatunga mchezo wa karate. Benoît, fundi cherehani mwembamba kama ufito, angekuwa steringi anayewatetea wanyonge. Maate angekuwa jitu katili linaloangushwa kwa teke moja.

Siku ya kuujaribu mchezo mbele ya watu wa Bwera, Benoît aliruka, akapiga ukelele, akamtandika Maate teke la kifua. Maate hakutikisika. Alitabasamu. Benoît ndiye aliyeanguka chali, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Uongo mtupu!" walipiga kelele huku wakiondoka.

Elise alimkabili Maate, macho mekundu kwa hasira. "Maate, juu ya nini haukuanguka?"

"Mama Elise, mimi naanguka namna gani? Hiyo mguu yake haiwezi angusha hata mbuzi. Na hiyo sinema yenu ni uongo. Mtu anaruka juu ya nyumba? Wapi!"

"Na kule kwa moto ya mama yako, sungura alisema na simba. Weye ulisimama kuuliza kama sungura iko na kinywa ya kusema?"

Maate alijipangusa vumbi la teke kifuani. Kukatiza hadithi jikoni kwa mama yake kwa swali kama lile kulikuwa utovu wa adabu, naye alilijua hilo tangu utotoni.

"Enda kwa sinema mara ingine," Elise alisema kwa upole zaidi. "Lakini usiangalie steringi. Uangalie bale benye kuanguka."

Maate alikwenda Kasese shingo upande. Katika sinema ile, teke la steringi lilimgusa adui mmoja kama unyoya, lakini adui yule, pande la mtu kama yeye, alirushwa juu ya meza, akavunja viti, akagaagaa. Ukumbi mzima ulilipuka kwa vifijo. Maate alishika kichwa. Kumbe uzito wote wa teke lile ulikuwa mgongoni mwa aliyeanguka! Jitu lile lilikuwa mchukuzi mwenzake, na mzigo wake ulikuwa steringi. Aliona haya, tena haya kweli. Kesho yake alianza kujifunza kuanguka juu ya makapi ya kahawa nyuma ya ghala.

Siku ya mashindano ikawadia. Kikundi cha Bwesumbu kilitangulia, nacho kilikuwa kimejigamba kwamba kitaonyesha mapigano ya kweli. Wakatwangana ngumi za kweli mpaka damu ya kweli ikawatoka puani. Hakuna aliyepiga makofi. Akina mama waliwafunika watoto macho, na waamuzi wakalazimika kuwaachanisha kama walevi.

Ikawa zamu ya Bwera. Maate alipopanda jukwaani aliwaona wachukuzi wenzake wa Mpondwe wamejipanga mbele kabisa. Akianguka, soko zima litamwimba. Asipoanguka, zahanati itabaki bila paa.

Benoît akaruka. Mguu wake haukugusa hata kifungo cha shati. Maate akajirusha nyuma, akapinduka juu ya meza, meza ikavunjika, naye akatua chini puu! Akalala kimya.

Watu wakasimama kutazama kama anapumua. Mara bibi mmoja akapanda jukwaani na fimbo mkononi, akamwendea Benoît. "Wewe! Umeua mtoto ya watu!"

Maate akafungua jicho moja, akamkonyeza. Bibi akaangua kicheko, akaitupa fimbo, na hapo uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Waamuzi hawakuwa na la kujadili. Mabati yalikuwa ya Bwera!

Wachukuzi walipanda jukwaani, wakambeba juu kwa juu yule aliyezoea kubeba, wakiimba, "Maate ameanguka! Maate ameanguka!" Wimbo ulikuwa uleule wa aibu, lakini siku hiyo Maate aliuitikia kwa sauti kuliko wote, machozi ya furaha yakimtiririka.

"Leo weye njo steringi," Elise alimwambia.

Maate aliyabeba mabati yale kwa mgongo wake kutoka barabarani mpaka zahanati, na hakujikwaa hata mara moja. Hakika, asiyekubali kushindwa si mshindani.