Tawi la Ngiri Juu ya Paa la Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeitikia kama mna njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kugombania mipaka kama nyinyi tu, palikuwa na Kanga na Ngiri. Walikuwa majirani. Katikati yao palikuwa na ua wa minyaa. Upande wa Ngiri palisimama mfenesi mkubwa, na tawi lake moja nene lilivuka ua, likakaa juu ya paa la Kanga.

Tawi lilizaa. Fenesi likianguka, puu! Ngiri alifika kabla vumbi halijatulia.

"Jirani, fenesi langu."

"Limevunja chungu changu, Bwana Ngiri."

"Mti wa nani?"

"Wako."

"Basi!"

Akabeba fenesi lake, akaenda zake. Hata kokwa hakumwachia.

Mwaka mwingine mchwa wakaingia mtini. Majani ya lile tawi yakapukutika. Matunda yakakoma. Upepo ukivuma, tawi linalia: kriii! Na Kanga alikuwa analalia mayai. Kriii! Akihama, mayai yatapoa. Kriii! Akibaki, hapati usingizi. Aliogopa, jamani, aliogopa kweli, kwa sababu mayai hayana miguu ya kukimbilia.

Akamwita Ngiri uani.

"Jirani, tawi lako limeoza. Litaniulia wanangu. Likate."

Ngiri akatazama juu. Akatazama chini. "Tawi gani?"

"Lile."

"Lile liko kwako, Bi Kanga. Lile ni lako."

Eti! Mnacheka? Kanga hakucheka. Alimtuma Kigong'ota, yule ndege anayegonga miti, akamwite Mzee Kiboko, mkuu wa kijiji. Kiboko akaja na kijiji kizima nyuma yake. Akapewa kigoda. Akapewa uji.

Kigong'ota akaligonga tawi. Ko, ko, ko. "Ndani tupu, Mzee."

Kiboko akanywa uji, akafumba macho. Watu wakasema anafikiri. Alikuwa amelala. Alipozinduka akasema:

"Tawi likizaa, ni la Ngiri. Tawi likileta hatari, ni la yule aliye chini yake. Nimemaliza."

Wanyama wakapiga makofi, pa, pa, pa! Ngiri akapiga kuliko wote.

Kanga akainamisha kichwa. "Asante, Mzee. Kwa hiyo leo tawi ni langu?"

"Lako, pamoja na kelele zake."

"Mmesikia wote?"

"Tumesikia!"

Basi Kanga akakusanya wenzake. Wakasubiri mchana wa jua kali usio na upepo. Mayai yakatiwa kapuni, yakawekwa juani, mbali na nyumba, Kanga pembeni yake. Kigong'ota akagonga, akaonyesha palipo pazima. Nyani akapanda na kamba na msumeno. Punda akashika kamba chini. Na Nyani, ndiyo, Nyani huyu huyu mnayemjua, siku hiyo aliacha utani. Hakuanzia shinani mwa tawi. Alianza nchani. Anafunga, anakata, Punda anateremsha. Anafunga, anakata, Punda anateremsha. Paa halikutikisika hata unyasi mmoja.

Ngiri alikuwa uani anacheka. "Mnalikata tawi au mnalinyoa? Mimi shoka moja tu, nimemaliza!"

Lakini alipoona kuni zimepangwa jikoni kwa Kanga, kicheko kikamkauka. Wivu ukamshika. Siku yenye upepo akatoka na shoka kuuangusha mti mzima, naye apate kuni.

Kigong'ota akamwambia, "Bwana Ngiri, ngoja kwanza. Mchwa wameshuka hadi shinani. Na lile tawi ndilo lililouvuta mti upande wa pili. Sasa umeelemea kwako. Waite wenye kamba."

"Mti wa nani?"

"Wako, lakini..."

"Basi!"

Ko! Ko! Ko! Akapiga. Mti ukalia, kriii! Akadhani unakubali. Akapiga tena. Mti ukageuka polepole, ukamtazama. Ngiri akaruka, mkia juu. Kwachaaa! Puu! Nyumba yake ikalala chini pamoja na vyungu vyote.

Akakimbia kwa Kiboko. "Mzee, mti ule ulikuwa wa Kanga! Miaka yote ulimwinamia yeye!"

Kiboko akanywa uji. Akalala. Akazinduka.

"Mti ukileta hatari, ni wa yule aliye chini yake. Nani alikuwa chini yake?"

"Nyumba yangu, Mzee."

"Nimemaliza."

Wanyama wakapiga makofi, pa, pa, pa! Safari hii Ngiri hakupiga.

Jioni mvua ikanyesha. Ngiri akasimama penye ua, anatona maji. Ndani kwa Kanga moto unawaka, na vifaranga wametotolewa, wanalia chwi, chwi. Kanga alikuwa bado na hasira, nisiwadanganye. Lakini akafungua mlango.

"Ingia, jirani."

Ngiri akaingia, akakaa. Kanga akasukuma ukuni motoni, kipande cha lile tawi.

"Bwana Ngiri, kuni hizi ni zangu au zako?"

Ngiri akasogea karibu zaidi na moto.

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia: anayekula matunda ya mti, hatari ya mti huo ni yake pia. Na mti ulio karibu na nyumba haukatwi kwa wivu wala kwa haraka. Unatazamwa kwanza utaangukia wapi, unafungwa kamba, watu wanakaa mbali.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye tawi kavu juu ya paa asinitazame mimi, akatafute kamba.